Fundi Anajibu: Ngozi, sindano mbili na meza ya jikoni

Barua za mwezi huu karibu zote ni za ngozi. Wengi wenu mna vipande mlivyopewa au mlivyonunua kwa washona viatu, vimelala kabatini, na mnaogopa kuvikata. Uoga huo naujua, kwa sababu kitambaa ukikosea unafumua, ngozi ikishatobolewa imetobolewa. Lakini kipande kilichokaa kabatini nacho hukauka na kupasuka, kwa hiyo afadhali kikatwe. Nimechagua barua chache na kuzijibu kama ninavyomjibu mtu akiingia kibandani kwangu hapa Tanga.

Shikamoo Mama Fundi. Jirani anayeshona viatu amenipa vipande vya ngozi ya ng'ombe, kikubwa kuliko vyote kinatosha ukurasa wa daftari kubwa. Cherehani sina na hela ya vifaa ni ndogo. Nianze na nini? – Mwanafunzi wa chuo, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kukosa cherehani kusikusumbue hata kidogo. Kazi ya kwanza ya ngozi ni vizuri ishonwe kwa mkono, na mimi mwenyewe, pamoja na kuwa na mashine mbili nzito, mishikio ya mikoba na pembe zinazobeba uzito nazishona kwa mkono mpaka leo. Sababu ni hii. Cherehani inatumia nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, zinazokutana ndani ya ngozi na kunasana. Ukikatika mmoja, wa pili hauna pa kushika, na mshono unaanza kufumuka hatua kwa hatua. Mshono wa mkono wa sindano mbili ni uzi mmoja wenye sindano kila ncha, na kila tundu unalipita mara mbili, kutoka kulia na kutoka kushoto. Ukikatika upande mmoja, upande wa pili umebaki umeshika. Mikoba inayoletwa kwangu kutengenezwa huwa imeachia mahali pale pale, mshikio unapokutana na mfuko, na mara nyingi mshono ulikuwa wa mashine.

Anza na pochi ya kadi. Ina mishono mitatu iliyonyooka, haina zipu, haina kifungo, na utaitumia kila siku, kwa hiyo utaona jinsi kazi yako inavyozeeka. Tafuta ngozi ya unene wa milimita 1 hadi 1.5. Kata vipande viwili: cha nyuma sentimita 10 kwa 7, cha mbele sentimita 10 kwa 5. Kadi ya benki ina urefu wa milimita 86 na upana wa milimita 54, kwa hiyo ukishashona milimita 4 ndani ya ukingo, kadi itaingia kwa kubanwa kidogo. Usiongeze upana ukidhani unaipa nafasi. Ngozi hutanuka ikitumika, na pochi iliyoanza na ulegevu itamwaga kadi zako ndani ya mwezi.

Vifaa vyako: rula ya chuma, wembe mpya au kisu cha kukatia karatasi, bikari yako ya shule, sindano mbili nene, uzi wa poliesta au nailoni wanaotumia washona viatu, donge la nta ya nyuki, msasa laini, na maharazi, ile sindano nene yenye mpini ya fundi viatu. Maharazi ukikosa, muombe jirani yako akuazime jioni akifunga kazi. Ncha za sindano zisugue kwenye jiwe mpaka ziwe butu. Kazi ya kutoboa ni ya maharazi, sindano inapita tu, na sindano kali itauchoma uzi uliokwisha kupita au kidole chako.

Kata kwa kuvuta wembe mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi, usilazimishe kumaliza kwa mkato mmoja. Paka gundi ya viatu utepe mwembamba kwenye kingo tatu za vipande vyote viwili, subiri mpaka isinate kwenye kidole, kisha vibananishe. Fungua bikari milimita 4 na ukwaruze mstari kuzunguka kingo hizo tatu. Kisha, kwa bikari hiyo hiyo bila kuibadilisha, tembeza hatua juu ya mstari: kila hatua ni tundu moja. Utapata matundu kama 50. Toboa yote kabla ya kuanza kushona, maharazi yakiwa yamesimama wima. Hapa ndipo uzuri wa kazi unapoamuliwa. Matundu yakiwa sawa, mshono utanyooka hata kama mkono wako bado mgeni.

Uzi upime mara nne ya urefu wa mshono. Wako ni sentimita 20, basi kata sentimita 80 na nyongeza kidogo ya kushikia. Upitishe kwenye nta mara tatu, ingiza sindano kila ncha. Bana pochi kati ya magoti kwa vibao viwili, ili mikono yote iwe huru. Pitisha sindano kwenye tundu la kwanza, sawazisha ncha mbili, halafu katika kila tundu anza na sindano ya kulia, ifuate ya kushoto, kisha vuta zote pamoja kwa nguvu ile ile. Ukianza na kulia, maliza na kulia. Wanafunzi wangu wengi wakibadilisha mpangilio katikati, mshono unaonekana umelala huku na kule na hawajui kwa nini. Mwishoni rudi nyuma matundu matatu, kata uzi, na uyeyushe ncha kwa moto wa kiberiti, haraka, bila kuunguza ngozi.

Bado hujamaliza. Sugua kingo kwa msasa mpaka vipande viwili vionekane kimoja, vilowanishe kwa kidole chenye maji, kisha sugua kwa nguvu kwa kipande cha jinzi mpaka kingo ziwe na joto na zing'ae. Malizia kwa nta. Ngozi iliyodabaghiwa, yaani iliyoivishwa ili isioze, kwa magome ya miti itang'aa kama kioo. Ile ya kromi, yaani iliyoivishwa kwa kemikali za kiwandani, laini na ya kunyumbulika, haing'ai hivyo, na hilo si kosa lako. Utaijua kwa ukingo wake: ya kromi mara nyingi ina rangi ya kijivu au buluu katikati, ya magome ni kahawia kuanzia juu mpaka chini.

Habari fundi. Nimekwenda Kariokor kununua ngozi ya kutengeneza mkoba, nikaonyeshwa vitu vya bei tofauti kabisa na wote wanasema ni ngozi halisi. Nitajuaje? – Baba wa watoto wawili, Kayole, Nairobi

Njema kaka. Uko mahali pazuri, soko lile lina mafundi wa viatu na mikoba wanaojua kazi, ila lazima ununue kwa macho na vidole vyako, si kwa maneno.

Kwanza, angalia umbo. Ngozi halisi ilitoka kwa mnyama, kwa hiyo haina kingo zilizonyooka kama kitambaa kwenye jora. Ina shingo, ina tumbo, ina miguu, na huuzwa kwa futi za mraba. Anayekukatia kwa mita kutoka kwenye jora anakuuzia kitambaa kilichopakwa plastiki. Pili, igeuze. Upande wa nyama una nyuzinyuzi zinazoshikana na kidole. Ngozi bandia kwa nyuma utaona ufumaji wa kitambaa. Tatu, kunja upande laini kuelekea nje. Ngozi halisi inatoa mikunjo midogo isiyolingana na rangi hubadilika kidogo pale inapokunjwa. Bandia inakunjika mstari mmoja mkavu.

Kuna aina ya tatu inayowapotosha wengi: ngozi iliyosagwa ikachanganywa na gundi na kubanwa kuwa shuka. Ina harufu ya ngozi na muuzaji hasemi uongo akisema kuna ngozi ndani yake. Iangalie ukingoni. Ikiwa ukiukwangua kwa ukucha unatoka unga badala ya nyuzi, iache. Mkoba wa namna hiyo unaanza kubanduka magamba hata kabla mishono haijalegea, na hakuna fundi wa kuutengeneza.

Halafu usiangalie ngozi kwa ujumla tu, uliza ni sehemu gani ya mnyama. Mgongo una nyuzi zilizoshikamana, huo ndio wa mikanda na mishikio. Tumbo linavutika, linafaa mifuko ya ndani na vipande visivyobeba uzito. Makovu madogo ya kupe au ya miiba yasikukimbize. Chapa ya moto katikati ya mgongo na mikato ya kisu cha mchunaji upande wa nyama, hizo ndizo hasara. Inaniuma kila ninapokutana na ngozi nzuri ya ng'ombe wetu iliyopigwa chapa pale pale palipokuwa patoke mkanda. Mfugaji angeweka chapa mguuni au shavuni, ngozi yote ingebaki na thamani yake.

Dada fundi, nina Butterfly ya kukanyaga, nashonea sare za shule. Je, inaweza kushona mkoba wa ngozi au nitaiua? – Fundi cherehani, Singida

Inaweza, dada, ukiiheshimu. Ngozi ya mbuzi au ya kondoo, laini, ambayo tabaka zake zote pamoja hazizidi milimita 2 au 3, mashine yako ya chuma itaipita bila taabu. Ngozi ngumu ya ng'ombe ya mkanda usiipeleke huko.

Nunua sindano za ngozi, namba 16 au 18. Ncha yake imechongwa kama kisu kidogo, inakata badala ya kusukuma. Refusha hatua ya mshono mpaka milimita 3.5 au 4. Hatua fupi za nguo zitatoboa ngozi matundu yaliyokaribiana mno, nayo itachanika kwenye mstari huo kama stempu. Tumia uzi wa poliesta. Wa pamba uache, unaoza mapema ndani ya ngozi ya magome. Legeza mgandamizo wa mguu wa mashine, na kama ngozi inanata chini ya mguu, weka karatasi nyembamba juu yake, shona juu ya karatasi, kisha ichane. Pini usitumie, zinaacha alama. Bana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Usirudi nyuma mwanzoni na mwishoni kama unavyofanya kwenye sare. Acha nyuzi ndefu, zipeleke upande wa ndani, zifunge fundo kwa mkono. Na ukifika pembeni penye tabaka nne, toa miguu kwenye pedeli na uzungushe gurudumu kwa mkono, hatua moja moja.

Mishikio, kama nilivyomwambia mwanafunzi wa Morogoro, ishone kwa sindano mbili. Huo mchanganyiko, mfuko kwa mashine na mishikio kwa mkono, ndio ninaoutumia mimi, na kwa mtu mwenye cherehani ya nguo sijaona mpango bora zaidi.

Nina makubadhi ya marehemu baba yangu. Soli imeachia mbele na ukungu umeota kwenye mikanda. Sitaki kuyatupa wala kuyapeleka kwa vijana wa gundi. Naweza kuyatengeneza mwenyewe? – Mzee wa miaka 71, Lamu

Shikamoo mzee wangu. Unaweza, na nashukuru kwamba hukuyatupa. Upande huo wa kwenu ndio uliokuwa na mafundi wa ngozi waliosifika pwani nzima. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilijulikana kwa kazi za ngozi kama ilivyojulikana kwa wanazuoni wake na wanakili wa misahafu. Makubadhi yaliyotokea katika mikono ya watu hao au wanafunzi wao yanastahili uzi, si gundi peke yake.

Anza na ukungu. Toka nayo nje, upande wenye upepo, uyafute kwa brashi kavu ili vumbi la ukungu lisibaki chumbani. Kisha chukua siki na maji kiasi sawa, lowanisha kitambaa, kikamue, ufute mikanda na sehemu za chini zote. Yaweke kivulini siku mbili. Jua la moja kwa moja litayakakamaza na mapambo yatavimba pembeni. Yakikauka, paka mafuta. Mimi natengeneza yangu: sehemu moja ya nta ya nyuki kwa sehemu tatu za mafuta ya mbarika kwa uzito, ndani ya kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, mpaka nta iyeyuke. Usiweke kopo juu ya moto moja kwa moja. Yakipoa yanakuwa malai unayoweza kuyachota kwa kidole. Paka kidogo sana, acha usiku kucha, futa yaliyobaki asubuhi. Ngozi itakolea rangi kidogo, kwa hiyo jaribu kwanza mahali pasipoonekana, hasa palipo na rangi nyekundu au ya kijani.

Sasa soli. Fungua taratibu mpaka pale inapogoma. Gundi ya zamani iondoe kwa msasa, pande zote mbili, mpaka uone ngozi safi. Paka gundi mpya ya viatu, subiri dakika 10 hadi 15 isinate kwenye kidole, fungua dirisha kwa sababu moshi wake si mzuri kifuani, halafu bananisha na ugonge kwa nyundo kuanzia katikati kuelekea kingoni. Gundi hapo imefanya kazi ya kushikilia tu. Mshono ndio unaobeba hatua zako. Pindua kiatu na ukwaruze mfereji mwembamba chini ya soli, milimita 5 kutoka ukingoni, kina cha nusu milimita au zaidi kidogo. Toboa ndani ya mfereji na ushone kwa sindano mbili na uzi mnene ulioshiba nta. Uzi ukilala ndani ya mfereji haugusani na ardhi, na mawe ya vichochoro vya Lamu hayataukata. Mafundi wa zamani hawakuacha uzi juu ya soli. Ukitazama soli ya baba yako chini ya mwanga wa pembeni, naamini utauona mfereji wao bado upo, na itakuwa vizuri uufuate huo huo.

Baada ya hapo usiyahifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, plastiki inaufungia ndani, na ukungu utarudi. Mfuko wa kitambaa cha pamba unatosha.

Asalaam aleikum. Kila Idd el-Hajj tunachinja mbuzi na ngozi inatupwa au inachukuliwa bure. Mwaka huu nataka kuidabaghi nyumbani. Inawezekana? – Kijana, Tabora

Waaleikum salaam. Inawezekana, lakini nisikudanganye: ni kazi ya wiki kadhaa, ya harufu na ya maji mengi, na haifai kufanyiwa katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja. Kama una shamba au uwanja, soma na uamue.

Jambo linaloharibu ngozi nyingi za Idd ni saa za kwanza. Watu wanaila nyama mpaka jioni, ngozi imekunjwa pembeni ina joto, na ikifika usiku imeshaanza kuoza kwenye mizizi ya manyoya. Ichukue mapema, ioshe damu, kwangua nyama na mafuta kwa kisu butu, itandaze kivulini upande wa nyama ukiwa juu, na umwage chumvi. Usione huruma na chumvi. Weka kiasi cha theluthi moja ya uzito wa ngozi au zaidi, uisugue mpaka kingoni. Hapo itakusubiri mpaka uwe tayari.

Siku ya kuanza, iloweke kwenye maji safi mpaka ilainike. Kisha maji ya chokaa kwenye pipa la plastiki, usitumie chuma, ukiigeuza kila siku, mpaka manyoya yatoke kwa kusukumwa na kidole gumba. Vaa glavu na ukinge macho, chokaa inaunguza. Ikwangue pande zote mbili na uioshe sana, maji mengi, na mwishoni uiloweke kwenye maji yenye siki kidogo ili chokaa iliyobaki ndani itoke. Ukiishia hapa ukaiwamba kwenye fremu na kuikausha, umepata ngozi ya ngoma, ngumu na yenye sauti. Si ngozi ya pochi. Ikiloa italegea, ikikaa na unyevu itaoza.

Kinachoigeuza ni utomvu mkali wa magome, ule unaokausha ulimi. Magome ya miwati, inayolimwa sehemu za baridi kama Njombe, ni mazuri sana. Ya mikoko yalitumika miaka mingi na yalisafirishwa ng'ambo kutoka delta ya Rufiji, lakini mikoko leo inalindwa na ina kazi kubwa zaidi ya kuzuia bahari, usiiguse. Ponda magome, chemsha, acha yapoe kabisa. Maji ya kwanza yawe mepesi, rangi ya chai ya maziwa iliyopungua majani, na kila baada ya siku tatu au nne uyaongeze ukali. Ukianza na maji makali, uso wa ngozi utafunga na katikati itabaki mbichi. Kata kipande chembamba kwenye mguu uangalie: rangi ikiwa imefika katikati, imeiva. Ioshe, ipake mafuta ikiwa bado na unyevunyevu, itandaze kivulini, na ikikaribia kukauka uivute na kuisugua juu ya ukingo wa ubao mpaka iwe laini. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayochosha mikono kuliko zote, na wengi wanaiacha njiani wakapata ubao badala ya ngozi.

Kromi usijaribu nyumbani. Ni kemikali za kiwandani zinazohitaji mtu aliyesomea na mahali pa kusafishia maji machafu. Kama moyo wako umependa kazi hii, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina kampasi Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi. Nenda ukaulize.

Mama Fundi, watoto wangu wa miaka 8 na 11 wako likizo na wananisumbua wakiniona nashona. Kuna kazi ya ngozi ya kuwapa? – Mama, Moshi

Wape bangili ya kusuka. Wembe ushike wewe. Kata ukanda wa upana wa sentimita 2.5 na urefu wa sentimita 20, kisha upasue mistari miwili ya urefu ndani yake, ukiacha sentimita 2 bila kupasuliwa kila mwisho. Umepata nyuzi tatu zilizoshikana juu na chini. Mtoto anasuka kama nywele za mafungu matatu. Chini kutaanza kujisuka kinyume. Hapo anachukua ncha ya chini na kuipitisha kati ya nyuzi mpaka msokotano wa chini ufunguke, anaendelea. Akirudia mara mbili au tatu bangili inakaa sawa, na atashangaa imewezekanaje wakati ncha zote zimefungwa. Ngozi ikiwa kavu iloweshe kidogo kwanza. Mkubwa mpe na vipande viwili ulivyomtobolea tayari, ashone kishikio cha funguo kwa sindano mbili butu. Watoto wa umri huo wanaushika mpangilio wa kulia na kushoto upesi kuliko sisi.

Dada, nataka kumtengenezea mume wangu mkanda. Nimenunua ngozi nene ya ng'ombe. Nipime vipi bila yeye kujua? – Mke, Likoni, Mombasa

Chukua mkanda wake wa zamani akiwa kazini. Pima kutoka pale bizimu inapoanzia mpaka kwenye tundu analolitumia, lile lililochakaa. Hicho ndicho kipimo chake, si urefu wa mkanda wote. Ongeza sentimita 8 za kukunjia kwenye bizimu na sentimita 13 za ncha ya mbele. Upana sentimita 3.5 kwa jinzi, 3 kwa suruali ya kitambaa. Hakikisha bizimu unayonunua ina upana huo huo kwa ndani. Unene wa milimita 3 hadi 4 unatosha bila bitana.

Kata kwa kufuata mgongo, kutoka mkiani kwenda shingoni, kwa rula ndefu ya chuma. Mkanda uliokatwa kukatiza mgongo kuelekea tumboni utapinda upande mmoja kadiri unavyovaliwa. Sehemu ya kukunja ipunguze unene kwa nyuma, uilowanishe, uikunje. Nafasi ya ulimi wa bizimu inataka matundu mawili ya duara yaliyounganishwa kwa mikato miwili, pembe kali usiiache kwa sababu hapo ndipo ngozi huanza kuchanika. Weka bizimu na kitanzi cha kushikia ncha, funga kwa mistari miwili ya mshono wa sindano mbili au kwa ribiti mbili. Mimi ningeshona.

Tundu lake la kila siku liwe la katikati, mengine mawili kila upande, umbali wa sentimita 2.5. Yatoboe kwa kitobozi cha mdomo wa duara na nyundo, juu ya kigogo. Fundi akikuambia atatumia msumari wa moto, mkatalie. Moto unaikausha ngozi ukingoni mwa tundu, na ufa unaanzia hapo hapo.